Nani Anaombwa? Mbwa Mwitu wa Skandinavia, Simba wa Diaca na Maneno Yetu ya Sala

Katika muhula uliopita darasa letu la tafsiri lilipewa zoezi ambalo kwa macho ya haraka lilionekana jepesi. Wanafunzi waligawiwa sala fupi, ya mistari kumi hivi, ya aina inayotumiwa na baadhi ya watu wa Ulaya na Marekani waliofufua dini ya kale ya Skandinavia. Sala hiyo inaelekezwa kwa Fenrir, mbwa mwitu mkubwa wa masimulizi ya watu wa kaskazini. Tulitarajia kwamba ugumu ungekuwa katika majina ya kigeni. Haikuwa hivyo. Darasa lilikwama kwenye kitenzi cha kwanza kabisa. Kundi moja liliandika 'tunakusali', la pili 'tunakuomba', la tatu 'tunakuabudu' na la nne 'tunakutambikia'. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Diaca katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, hakuandika kitu. Alipoulizwa sababu, alijibu: "Kwetu, mwalimu, mnyama wa namna hii haombwi. Huulizwa ni wa nani."

Jibu hilo lilitufikirisha kwa wiki kadhaa. Kwa kuwa walimu wengi wa lugha hukutana na matini za imani za watu wengine, na kwa kuwa wanafunzi huulizwa maswali ya aina hii katika mitihani ya tafsiri, tumeona vema kuuweka mjadala wetu katika kurasa hizi. Ifahamike tangu mwanzo kwamba hatukusudii kuhubiri wala kukejeli imani ya mtu yeyote. Tunakusudia kueleza mambo matatu: Fenrir ni nani na anaombwaje, watu wa Diaca na majirani zao humsemaje mnyama mkali, na Kiswahili kinatupatia maneno gani ya kutenganisha kuomba, kucha, kutambika na kujikinga.

Fenrir ni nani?

Habari nyingi tulizo nazo juu ya Fenrir zinatoka katika kitabu cha Edda, kilichoandikwa na Snorri Sturluson wa Iceland mnamo mwaka 1220 hivi. Iceland ilikuwa imepokea Ukristo karibu na mwaka 1000, hivyo Snorri alikuwa Mkristo anayesimulia imani za mababu zake karne mbili baada ya kuachwa rasmi.

Kwa mujibu wa Snorri, Fenrir ni mtoto wa Loki na jitu la kike liitwalo Angrboda. Alilelewa miongoni mwa miungu, lakini alikua kwa kasi ya kutisha, hata ikawa ni Tyr peke yake aliyethubutu kumpelekea chakula. Utabiri ulisema kwamba siku moja angewaangamiza, nao wakaamua kumfunga. Minyororo miwili ya kwanza aliikata. Ndipo wafua vyuma wa chini ya ardhi wakatengeneza utepe laini kama hariri, ulioitwa Gleipnir, kwa vitu sita: kishindo cha nyayo za paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, kano za dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege. Fenrir alishuku hila. Alikubali kufungwa kwa sharti kwamba mmoja wao aweke mkono kinywani mwake kama dhamana. Tyr akauweka. Mbwa mwitu alipoona hawezi kujinasua, aliung'ata mkono ule ukakatika. Inasemwa atabaki kifungoni hadi siku ya mwisho, Ragnarok, atakapomeza Odin, mkuu wa miungu, kisha naye auawe na Vidar, mwana wa Odin.

Msomaji atagundua jambo moja. Katika masimulizi haya Fenrir anaogopwa, analishwa, anafungwa na anadanganywa, lakini hakuna anayemwomba. Maandishi ya kale yaliyotufikia hayana sala hata moja kwake. Sala tunazoziona ni za zama zetu. Mwaka 1972 ilianzishwa nchini Iceland jumuiya ya Ásatrúarfélagið ili kufufua dini ya kale, na mwaka 1973 ilitambuliwa na serikali. Jumuiya za namna hiyo zikaenea katika nchi nyingine, na ndani ya mkondo huo mpana wapo wachache wanaomwelekea Fenrir. Wenzao wengi hawakubaliani nao. Huona kwamba kumwita adui wa miungu ni kujitakia balaa. Wanaomwomba hujibu kwamba Fenrir hakufungwa kwa kosa alilotenda, bali kwa hofu ya kosa ambalo angeweza kulitenda. Humwendea kama mlezi wa waliofungwa, waliokataliwa na wenye hasira isiyo na pa kwenda. Humwomba nguvu ya kuvumilia au nguvu ya kukata kamba.

Kwa upande wa muundo, sala yenyewe si ngeni kwetu. Huanza kwa kumwita anayeombwa kwa majina yake. Hufuata sifa, au kumkumbusha aliyoyatenda. Kisha hutajwa sadaka iliyowekwa, kama nyama au kinywaji. Mwisho huja ombi. Mwalimu anaweza kuliweka umbo hilo kando ya dua au tambiko la nchi zetu, na wanafunzi wakaona mara moja mahali panapofanana. Tofauti haimo katika umbo. Imo katika swali la nani anaambiwa.

'Mbwa mwitu' ni mnyama gani?

Kabla ya kufika kwenye kitenzi, darasa lilipaswa kumaliza nomino. Neno letu 'mbwa mwitu' linabeba wanyama wawili. Katika Biblia ya Kiswahili, manabii wa uongo wanaovaa mavazi ya kondoo wanafananishwa na mbwa mwitu, na hapo anayekusudiwa ni yule wa nchi za baridi na za Mashariki ya Kati, anayevamia mazizi. Lakini kwa mtu wa Nachingwea au wa Niassa, mbwa mwitu ni mnyama mwenye mabaka meusi, meupe na ya manjano na masikio makubwa ya mviringo, anayewinda kwa kundi na ambaye ni nadra sana kumdhuru mtu. Hao ni wanyama tofauti kabisa. Mwanafunzi wa kusini mwa Tanzania anayesoma sala kwa 'mbwa mwitu' anaweza kujiuliza kuna kitisho gani hapo.

Aidha, elimu ya viumbe imeongeza jambo la kuvutia. Mwaka 2015 watafiti wa vinasaba walionyesha kwamba mnyama wa Serengeti na Afrika Kaskazini aliyekuwa akihesabiwa kuwa mbweha wa rangi ya dhahabu yuko karibu zaidi kinasaba na mbwa mwitu wa Ulaya kuliko na mbweha wa Asia. Kwa hiyo yule tuliyemwita mbweha miaka yote ni jamaa wa Fenrir. Hata hivyo, ujamaa wa damu hauamui maana ya neno. Katika hadithi zetu mbweha ni mjanja na mdokozi, wala si mbebaji wa maangamizi.

Kitisho kilicho sawa na cha Fenrir kwetu kimebebwa na simba na, katika baadhi ya nchi, fisi. Mfano wa fisi ulio karibu na 'ibada' ni ule wa mji wa Harar nchini Ethiopia. Kila siku ya Ashura, yaani tarehe 10 ya mwezi wa Muharram, watu huwaandalia fisi uji mzito wenye siagi nje ya kuta za mji, na namna wanavyoula huchukuliwa kuwa dalili ya mwaka unaokuja. Harar ni mji wa Waislamu wenye misikiti mingi, na hakuna anayemwabudu fisi. Fisi anakirimiwa ili mji na mwitu vikae kwa amani. Hapo tayari tumeona kwamba kumlisha mnyama mkali na kumwomba si tendo moja.

Simba wa Diaca

Diaca ni tarafa katika wilaya ya Mocímboa da Praia, kwenye barabara inayoteremka kutoka nyanda za juu za Mueda kuelekea bahari. Pwani kuna Wamwani, Waislamu ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Kadiri unavyopanda bara unaingia katika vijiji vya Wamakonde. Kiswahili chenyewe si mgeni huko. Wamakonde wengi walivuka Ruvuma wakati wa ukoloni kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika na wakarudi na lugha. Vita vya ukombozi vilivyoanza Septemba 1964 viliendelea kukitumia. Baadaye, vita vilivyoanzia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 viliwalazimisha watu wa Diaca na vijiji vingi vya jirani kuyahama makazi yao, na wengi wakajikuta tena miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili. Ndiyo maana jibu la mwanafunzi wetu lilitolewa kwa Kiswahili fasaha, ingawa mawazo yaliyolijaza ni ya Kimakonde.

Katika Kimakonde cha nyanda za Mueda simba ni ntumi, na wingi wake vantumi. Hapa tuwaonye wanafunzi: sikio la Mswahili husikia 'mtumwa', 'mtume' na 'kutuma' ndani ya neno hilo, na kwa kuwa inasemekana simba hutumwa, ni rahisi kudhani tumepata asili yake. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa etimolojia. Linalojulikana ni jinsi wasemaji wanavyowagawa simba wenyewe. Mwanaanthropolojia Harry West, aliyefanya utafiti katika nyanda hizo kuanzia miaka ya 1990, aliandika kwamba watu hutofautisha simba wa mwituni, ambao ni wanyama kama wanyama wengine, na simba wa watu, ambao ama ni wachawi waliojigeuza au ni viumbe waliotengenezwa na wachawi. Simba wa mwituni huwinda na kwenda zake. Simba anayezunguka nyumba, anayechagua mtu na kumwacha ng'ombe au mbuzi, huyo huzua swali: ni wa nani?

West mwenyewe anasimulia tukio ambalo kila mwalimu wa fasihi angepaswa kulijua. Akitoa mhadhara mjini Pemba, alieleza kwamba simba hao ni istiari ya mamlaka na ya uroho wa walionacho. Msikilizaji mmoja alisimama na kumwambia kwa adabu kwamba hakuwa ameelewa: simba hao si ishara, ni simba wa kweli. Sisi tunaofundisha istiari kila wiki tumejifunza hapo unyenyekevu. Mchambuzi akiita kitu istiari, huwa ameshaamua kwamba msemaji hasemi anachosema.

Je, watu hao hawana sala? Wanazo. Kaskazini mwa Msumbiji, miongoni mwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, unga wa nafaka ulimiminwa chini ya mti kwa ajili ya wazee waliotangulia, na maneno ya kuwaita yakasemwa. Wamakua huita sadaka hiyo makeya. Baada ya uhuru wa mwaka 1975 serikali ya Frelimo ilizipiga vita desturi hizo kwa jina la ujinga na giza, lakini hazikufa. Huzungumzwa na wazee juu ya mvua, ugonjwa, safari, na wanyama wakali pia. Lakini anayeambiwa ni mzee. Simba ni jambo linalopelekwa mbele yake. Mwanafunzi wetu alilieleza hivi: "Tunazungumza na wazee kuhusu simba. Hatuzungumzi na simba kuhusu sisi."

Vitenzi vya sala

Baada ya kusikia hayo, tuliyarudia majibu ya makundi manne na kuyapima kimoja kimoja.

'Kusali' au, kwa matamshi ya Waislamu wengi, 'kuswali', limetokana na Kiarabu, nalo lina kasoro moja kwa zoezi letu: halichukui yambwa ya anayeombwa. Husemi 'namsali Mungu'. Husema 'nasali' au 'nasali kwa Mungu'. Ukitumia kauli ya kutendea, maana inakimbilia kwingine kabisa. Kumsalia maiti ni kuswali kwa ajili yake. Kumsalia Mtume ni kumtakia rehema. Katika mifano yote miwili, anayetajwa na kiambishi cha yambwa siye anayeombwa. Zaidi ya hayo, 'salia' lingine lina maana ya kubaki. Kundi la kwanza, kwa hiyo, lilikuwa na tatizo la sarufi kabla ya lile la imani.

'Kuomba' ni kitenzi cha Kibantu na ni kipana mno. Huombwa Mungu, huombwa mkopo, huombwa chumvi kwa jirani. Upana huo ni faida, kwa sababu hakitangazi dini yoyote. Jambo la kuangaliwa ni mnyambuliko wake. Kumwomba ni kumfanya awe msikilizaji. Kumwombea ni kumfanya awe mnufaika. Tazama sentensi hizi: 'Walimwomba simba', 'Walimwombea simba', 'Waliwaomba wazee juu ya simba'. Ya kwanza inafaa kwa Fenrir. Ya pili ingeshangaza Skandinavia na Diaca pia. Ya tatu ndiyo ya Diaca. Silabi moja ya kauli ya kutendea na kihusishi kimoja vinabadilisha ramani nzima ya imani.

'Kuabudu', lililotoka pia katika Kiarabu, linamweka anayeabudiwa juu ya vyote. Kwa Mwislamu na Mkristo, kinachoabudiwa kisipokuwa Mungu ni sanamu. Mtafsiri anayeandika 'tunakuabudu, Fenrir' anakuwa ameshatoa hukumu, hata kama hakukusudia. Wanaomwomba Fenrir hawadai kwamba yeye ni mkuu kuliko wote.

'Kutambika' kunahitaji kitu mkononi: unga, pombe, kuku, mbuzi. Kunahitaji pia uhusiano wa ukoo, kwa kuwa tambiko huwaelekea waliotangulia. Fenrir si babu wa mtu. Hata hivyo, sala tuliyokuwa tukiitafsiri ilitaja nyama iliyowekwa msituni, na kundi la nne lilihisi vizuri kwamba 'kuomba' peke yake hakubebi nyama hiyo. Pwani tuna pia desturi ya mzimuni, mahali kama pango au mbuyu panapopelekwa ubani na marashi. Huko anayeendewa ni roho wa mahali wala si mzee wa ukoo, na pengine huo ndio mfano ulio karibu zaidi na Fenrir wa msituni.

Yapo maneno mawili ambayo hakuna kundi lililoyakumbuka. La kwanza ni kitenzi kifupi '-cha', kama katika 'mcha Mungu'. Kucha ni kuogopa na kuheshimu kwa pamoja, na nomino yake ni 'kicho'. Lugha nyingi hulazimika kutumia maneno mawili pale ambapo Kiswahili kinatumia silabi moja. Mtu anayesimama mbele ya kiumbe kinachoweza kumla, naye asikimbie, yumo ndani ya kicho. Kwa bahati mbaya kitenzi hiki kinazidi kupungua vinywani mwa vijana na kubaki katika misemo michache. La pili ni 'kuzindika', yaani kuweka kinga ya dawa kuzunguka nyumba, shamba au kijiji. Zindiko si sala. Halimsihi mnyama, linamzuia. Kwa macho haya, utepe wa Gleipnir ulikuwa zindiko: vitu sita visivyopatikana, vilivyokusanywa na mafundi ili kitisho kisivuke mpaka.

Jina linapoua

Mjadala ungeweza kuishia hapo kama ungekuwa wa msamiati tu. Lakini jibu la mwanafunzi wetu, 'huulizwa ni wa nani', lina upande mwingine ambao si haki kuuficha.

Watu wa nchi nyingi hukwepa kumtaja mnyama mkali. Waswahili wengi wamekatazwa na bibi zao kutaja nyoka usiku. Walifundishwa kusema 'kamba'. Hiyo ni tasfida ya kujikinga. Wasweden walifanya hivyo hivyo kwa mbwa mwitu. Jina lake la kale, ulv, lilionekana la hatari, wakaliacha na kusema varg. Baada ya muda varg nalo likazoeleka na kuingiwa na hofu ileile, wakaanza kusema gråben, yaani 'miguu ya kijivu'. Hofu hulifuata neno jipya kama ilivyolifuata la zamani.

Lakini neno varg lilikuwa na kazi nyingine. Katika lugha ya kale ya kaskazini, vargr alikuwa pia mtu aliyevunja sheria kubwa na kufukuzwa katika jamii. Mtu huyo akiitwa hivyo, ulinzi wa sheria ulimwondoka, na aliyemwua hakudaiwa kitu. Kumwita jirani mbwa mwitu kulikuwa kumwondolea utu.

Kwetu jambo hili si la kale. Mnamo 2002 na 2003, katika wilaya ya Muidumbe inayopakana na Mocímboa da Praia, simba waliua watu wengi. Swali la 'ni wa nani' lilipoulizwa, lilijibiwa kwa majina ya watu. Waliotuhumiwa kutengeneza simba walipigwa na umati, na baadhi yao waliuawa. Mtafiti Paolo Israel alichapisha makala juu ya matukio hayo mwaka 2009. Tanzania nayo ina kumbukumbu zake: mauaji ya miaka ya 1940 huko Singida yaliyohusishwa na 'simba-watu', na simba wa Njombe walioua watu kuanzia 1932 hadi walipowindwa na George Rushby mnamo 1947, huku wenyeji wengi wakiamini kwamba walikuwa wakiongozwa na mganga.

Linganisha sasa hatari za maswali mawili. Anayemwomba mbwa mwitu anajiweka mwenyewe mbele ya meno yake. Akikosea, hasara ni yake. Anayeuliza simba ni wa nani anatafuta mtu wa kuweka mbele ya meno ya umati. Hatusemi kwamba kila anayeuliza hivyo ni mwuaji. Swali hilo pia ni njia ya wanyonge kusema kwamba mauti hayakuja bure, na kwamba kuna watu wanaonenepa wakati wengine wanaliwa. Lakini likishapata jina la jirani, halirudi nyuma.

Lipo swali la tatu ambalo walimu tunaweza kulifundisha bila kuyadharau yale mawili: simba amefikaje hapa? Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania, wengi wao katika mikoa ya kusini na pwani. Mashambulizi yaliongezeka wakati wa mavuno, Machi hadi Mei. Sababu ni nguruwe mwitu. Pale wanyama wengine wa kuwindwa walipopungua, nguruwe walibaki, wakaingia mashambani, na simba wakawafuata. Mkulima anayelala katika dungu bovu ili kuwafukuza nguruwe anakuwa katikati yao. Utafiti mwingine wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba hatari hupanda katika siku zinazofuata mwezi mpevu, wakati ambapo giza hutangulia mwezi kuchomoza. Maelezo haya hayamwambii mama aliyefiwa kwa nini ni mwanawe na si wa jirani. Yanaweza, hata hivyo, kumwambia alijenge dungu lake juu zaidi, na asitoke peke yake katika giza la siku hizo.

Turudi darasani

Mwishoni tulikubaliana juu ya tafsiri ya mwanzo wa ile sala. Tuliandika: 'Ewe Fenrir uliyefungwa, tumekuja kwa kicho. Nyama hii ni yako. Tunakuomba.' Tumetumia 'ewe' kwa sababu ndiyo njia yetu ya kumwita asiyeonekana. Tumeweka kicho mbele ya ombi, ili msomaji ajue kwamba anayeombwa anaogopwa. Nyama imetajwa bila kitenzi cha tambiko, ili Fenrir asigeuzwe kuwa babu. Kitenzi 'kuomba' kimebaki kama kilivyo, ili mtafsiri asiwe hakimu. Katika tanbihi ya darasa tulieleza kwamba mbwa mwitu wa sala hii siye mbwa mwitu wa Nyerere wala wa Niassa.

Mwanafunzi wetu wa Diaca aliisoma, akasema inaeleweka. Kisha akauliza kama angeruhusiwa kuandika yake, siyo tafsiri, bali maneno ambayo mtu wa kwao angesema akisikia sauti ya simba nyuma ya nyumba. Tukamruhusu. Aliandika mstari mmoja: 'Wazee, mmesikia?' Hakumtaja simba. Darasa lilinyamaza, na hatukuona haja ya kusahihisha chochote.

Kwa walimu watakaopenda kulitumia somo hili, tunapendekeza mazoezi matatu. Kwanza, wanafunzi watunge sentensi kwa vitenzi 'sali', 'omba', 'cha', 'abudu' na 'tambika', kila kimoja katika kauli ya kutenda na ya kutendea, kisha waeleze katika kila sentensi ni nani anayesikiliza na ni nani anayenufaika. Pili, wakusanye nyumbani kwao tasfida za wanyama wanaoogopwa, pamoja na muda ambao tasfida hizo hutumiwa. Tatu, wajadili: mtafsiri wa habari ya gazeti anapokuta mtu ameitwa 'mwenye simba', aandike nini? Zoezi hili la tatu lisifanywe kwa haraka. Walimu walio karibu na maeneo yaliyowahi kupatwa na misiba ya aina hiyo wasimamie mjadala kwa uangalifu, kwa maana darasani anaweza kuwamo mtoto wa aliyeliwa na mtoto wa aliyetuhumiwa.

Tunakaribisha maoni na mifano kutoka kwa wasomaji wetu, hasa wale wanaofundisha kandokando ya Ruvuma, ng'ambo zote mbili.